Hodi ya Tatu

Nianze na aibu yenyewe, maana nikianza kwingine nitaizungukazunguka mpaka karatasi ziishe. Niliwahi kuitikia hodi ambayo haikuwa yangu, katika nyumba ambayo haikuwa yangu, mbele ya kijiji kilichokuwa kimekaa kimya kwa makusudi. Nilisema "karibu." Neno zuri, neno la adabu, hata mtoto anayejifunza kusema analijua. Kwa neno hilo nusura niwapokonye watu jengo lao.

Nijitetee kidogo kabla sijahukumiwa. Mimi ni mtu wa ndani. Wenzangu walipomaliza kidato cha nne walikwenda Dar, walikwenda machimbo ya Mererani, wengine walivuka mpaka. Mimi nilirudi nyumbani Themi, nikakaa, na kwa kuwa nilikuwa nimekaa, watu wakaanza kuniletea redio. Ndivyo nilivyokuwa fundi. Sebule ndiyo ilikuwa karakana: meza, taa, harufu ya risasi ya kulehemu iliyoyeyuka, na mlango uliorudishiwa tu bila komeo. Kutwa nzima nilikuwa na kazi mbili, kutengeneza redio na kuitikia hodi. Ulimi ulikuwa umezoea hata mkono ukichomea waya mdomo ulisema "karibu, pita" wenyewe, kichwa hakina habari.

Ila hodi ni za aina mbili, fundi yeyote atakuambia. Kuna hodi ya anayeleta redio, na kuna hodi ya anayefuata redio. Ya kwanza nilikuwa naiitikia kabla haijaisha. Ya pili ilijulikana kwa sauti: fupi, kavu, imetanguliwa na kikohozi. Nikiisikia hiyo nilizima taa, nikachuchumaa nyuma ya kabati, nikapumua kwa pua. Mlango haukuwa na komeo, lakini nani ataingia kwa mtu bila kukaribishwa? Adabu yetu imewaficha mafundi wengi.

Hodi kavu kuliko zote ilikuwa ya mama jirani yangu, fundi cherehani, mzaliwa wa kijiji cha Kikwe, ambaye ukuta wake ulipakana na wangu. Aliniletea redio yake ya mkanda wa ngozi mvua za masika zikiwa zinaanza. Masika yakapita, baridi ikapita, vuli ikaja. Tatizo la redio lilikuwa dogo sana. Tatizo langu ndilo lilikuwa kubwa: spika yake nilikuwa nimeiazima "kwa siku mbili" nikaiweka kwenye redio ya mteja mwingine, na mteja yule akahama mji pamoja nayo.

Basi asubuhi moja akanikamata bombani, mahali pasipo na kabati.

"Fundi. Jumapili unakwenda Kikwe na mimi."

"Kikwe? Mama, mimi hata soko la Kilombero naliona mbali."

"Nani kakuuliza umbali? Binti yangu ana mchezo."

Habari za binti yake nilizijua kupitia ukutani. Pale Kikwe kulikuwa na ghala la mawe lililojengwa na mlowezi wa zamani, wengine husema Mjerumani, wengine Mgiriki, kwa ajili ya kahawa ya shamba lake. Mlowezi akaondoka, ghala likawa la ushirika. Ushirika ukalegea, ghala likawa la popo. Binti alipomaliza sekondari akakosa kazi, akakusanya vijana wenzake, wakafukuza popo, wakasugua sakafu, wakaligeuza ghala kuwa ukumbi wa michezo ya kuigiza. Mama alishona pazia. Nilisikia cherehani ikihangaika na kile kitambaa kizito wiki mbili.

"Ukumbi unatuponyoka," akasema, ndoo yake inafurika na yeye hatazami. "Kaja mnunuzi binafsi wa kahawa, analitaka ghala. Mwenyekiti wa kijiji kasema atakuja Jumapili baada ya ibada, aone kwa macho yake. Akiona ni jambo la maana, watoto wanabaki. Akiona ni uhuni, Jumatatu yanaingia magunia."

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi, na ruksa ilikuwa imefika mpaka kwenye kahawa. Kila mtu alikuwa ananunua, kila mtu alikuwa anatafuta paa la kuhifadhia.

"Sasa mimi nikafanye nini?"

"Kujaza benchi. Mwenyekiti akiona watu wa mjini wamekuja, atajua ni jambo. Vaa koti. Na nisikilize vizuri, fundi: usifanye kitu chochote. Kaa, tazama, wakipiga makofi na wewe piga. Utaweza?"

Nilisema nitaweza. Kwa kweli niliona ndiyo kazi rahisi kuliko zote nilizowahi kupewa, na kwa upande wa ile spika nilihisi nimepata pa kupumulia.

Tukaenda kwa pikapu iliyokuwa inarudi tupu kufuata ndizi. Mama alikaa mbele na dereva, mimi nyuma na koti langu, na kila tuta lilinikumbusha kiti changu cha nyumbani. Nilimwona kupitia kioo anapinda na kupindua pembe ya kanga mpaka ikawa kamba.

Ghala lilikuwa zuri, lazima niseme, hata kwa mtu asiyependa kutoka. Kuta za mawe meusi, nene kiasi cha kulaza mtu dirishani. Mlango wa mbao ngumu, mrefu na mpana wa kupitisha tela la ng'ombe. Ndani, kwenye boriti ya katikati, ulikuwa bado unaning'inia mnyororo wa mizani ya zamani, na humo ndimo walimopitisha kamba ya pazia. Pazia lenyewe lilikuwa magunia ya kahawa yaliyofumuliwa na kuunganishwa, maandishi yamegeuziwa nyuma. Jukwaa walilikuta tayari: lile jukwaa la mbao ambalo zamani lilikuwa la kuinua magunia yasiguse unyevu. Popo wamekwenda, mlowezi amekwenda, ushirika umekwenda, lakini harufu ya kahawa ilikuwa imeingia kwenye mawe na haikuwa na mpango wa kuhama.

Mabenchi waliazima kanisani, usharikani. Mbele kabisa kulikuwa na viti vitatu vya mito. Katikati mwenyekiti wa kijiji, mtu mzito, ameweka ufunguo wa ghala juu ya goti, ufunguo mrefu wa chuma, ili kila mtu auone. Kulia kwake mzee wa kanisa. Kushoto mnunuzi, mtu wa makamo mwenye kalamu mfukoni, hatazami jukwaa, anatazama dari, anapima kwa macho magunia yatakavyopanda.

Mimi nilichagua benchi la mwisho, karibu na mlango. Mtu wa ndani akitoka nje hukaa karibu na njia ya kurudi. Pembeni yangu alikuwa bibi mmoja aliyejifunika kitenge.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye wa mjini?"

"Ndiye."

"Mbona koti limekuzidi? Mjini hakuna chakula?"

Wakafunga lile lango nyuma yetu, mwanga ukabaki ule wa madirisha ya juu, na pazia likavutwa. Nyuma ya pembe ya pazia niliviona vidole vya mama jirani vimeshika kamba.

Mchezo ulikuwa hivi. Mzee mmoja ana shamba la kahawa alilorithi. Anaugua, anapelekwa hospitali, anakaa huko miezi. Akirudi anakuta binti yake ameng'oa mibuni yote na kupanda nyanya, kwa sababu kahawa hailipi na nyumbani watu wanataka kula. Mzee anamfukuza.

Ukumbi mzima uliacha kutafuna karanga. Mtu asiyejua maeneo yale anaweza kuona ni hadithi ya nyanya. Lakini kung'oa mibuni lilikuwa jambo ambalo watu hawakulisema kwa sauti, lilikuwa kosa kisheria, lilikuwa kama kuhamisha kaburi la babu. Na nusu ya waliokaa pale walikuwa na nyanya katikati ya kahawa zao. Bibi wa kitenge alininong'oneza bila kugeuza kichwa: "Mimi nimeng'oa za nyuma tu, zisizoonekana barabarani." Mnunuzi aliacha kutazama dari. Alimwinamia mwenyekiti sikioni, akasema kitu, na mwenyekiti akaushika ule ufunguo.

Mzee wa mchezo aliigizwa na mpiga kengele wa usharika, mzee kweli, si kijana mwenye ndevu za pamba. Kazi yake ya miaka yote ilikuwa kusubiri saa ifike, na alijua kusubiri. Alipomaliza kumfukuza binti, aliyeigizwa na binti wa mama jirani mwenyewe, binti akashuka jukwaani, akapita katikati yetu, akatoka kwa mlango mdogo wa pembeni. Mzee akaketi kwenye kiti chake. Kando yake palikuwa na kigoda kitupu. Akakaa. Tukakaa. Mijusi ilisikika batini. Kwenye mchezo ilikuwa imepita miaka, nadhani.

Halafu, nyuma yangu, kwenye lile lango la kweli, mikono ikagonga.

"Hodi!"

Mzee hakutikisika. Benchi letu lilisogea kidogo, kama watu wote wamekaa juu ya kitu kimoja kinachochoma.

"Hodi wenyewe!"

Kimya. Mtu akakohoa. Sijui kama kuna msomaji aliyewahi kukaa kwenye chumba chenye watu wengi, hodi inapigwa, na hakuna anayeitikia. Shingo inawasha. Unahisi mama yako, popote alipo, anakutazama. Nilimwona mzee wa kanisa anafungua mdomo na kuufunga. Hakuna aliyeniambia kwamba kimya kile ndicho kilikuwa mchezo wenyewe, kwamba hodi itapigwa mara tatu, hakuna atakayeitikia, hatua zitasikika zinaondoka juu ya changarawe, na pazia litafungwa. Binti aliandika miezi mitatu ili afike pale.

"Hodi..."

Hii ya tatu ilikuwa ndogo, ya mtu aliyeanza kugeuka.

"Karibu, pita!" nikasema.

Nilisema kwa sauti ya karakana, ya mtu aliyezoea kushindana na redio. Ikagonga mawe, ikazunguka dari, ikanirudia. Vichwa vyote vikageuka, safu kwa safu, hadi cha mwenyekiti. Nyuma ya pazia vile vidole vikakaza kamba mpaka nikaona vifundo.

Nje hapakusikika kitu. Binti alikuwa amesimama, hajui aliyemkaribisha ni nani. Ukishakaribishwa huwezi kuondoka. Hata kwenye mchezo, nani angeondoka? Bawaba zikalia. Lango likafunguka na jua la saa tisa likaingia kwa mkupuo, na yeye katikati yake, na kikapu cha nyanya.

Mzee jukwaani akainuka polepole.

"Nani ametoa karibu katika nyumba yangu?"

Hayo hayakuwa yameandikwa popote. Nilijua, kwa sababu kidevu chake kilikuwa kinatetemeka. Bibi wa kitenge akanisukuma kwa kiwiko: "Inuka, si umesema mwenyewe?" Nikainuka, na koti langu.

"Ni mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba," akajibu, kabla hajakumbuka kwamba yeye ni mzee asiyejibu mtu.

Kicheko kikapasuka, kikakatika hapo hapo, maana mwenyekiti hakucheka.

"Wewe nani hapa?" akauliza mzee wa jukwaani.

"Fundi redio."

"Nilikuita?"

"Hapana, mzee."

"Basi kaa chini, kijana."

Nikakaa. Ningeweza ningekaa chini ya benchi. Lakini binti alikuwa bado amesimama langoni, uso wake haujui tena kama unaigiza. Akafanya jambo moja lililobaki.

"Shikamoo, baba."

Mzee akamtazama. Hakuitikia. Mimi mgeni nimepewa marahaba, mtoto wake hapewi. Jambo hilo lilikuwa zito kuliko yote yaliyoandikwa, na halikuandikwa.

Bibi akashindwa. Alisema kitu kwa Kimeru, kwa sauti kubwa, na sikuhitaji mkalimani: alikuwa anamwamuru mzee amwitikie mtoto. Baba mmoja wa safu ya kati akasimama: "Asimwitikie! Angekuwa ameng'oa kahawa yangu angelala barabarani!" "Na nyanya zako za bondeni je?" akajibiwa. "Nani kakwambia nina nyanya?" Watu wakawa wamesimama, vidole juu, nusu Kiswahili nusu Kimeru, benchi moja la usharika likaanguka kwa kishindo.

Mnunuzi akatabasamu. Hakunong'ona safari hii.

"Mwenyekiti, si umeona? Hii ni fujo. Uhuni mtupu. Tumalize."

Mwenyekiti akainuka, ufunguo mkononi. Binti aliuona. Nilimwona anauona, kikapu kilishuka mpaka kikagusa paja. Pazia likatikisika kama mtu kaliegemea.

"Kimya!" mwenyekiti akanguruma. Wakanyamaza. Akamgeukia mzee jukwaani. "Mzee. Binti amekusalimia."

"Nimesikia."

"Basi?"

"Nafikiri."

Mwenyekiti akamtazama muda. Halafu, taratibu, akakaa kwenye kiti chake cha mto, akaweka ufunguo juu ya goti.

"Fikiri. Tunasubiri."

Mnunuzi akafungua mdomo. Mwenyekiti akamwinulia kiganja.

Tulisubiri. Sijawahi kusubiri kitu hivyo, na mimi ni mtu ninayesubiriwa sana. Mwishowe mzee akaketi. Hakusema marahaba, mpaka leo hajasema. Alinyoosha mguu, akakivuta kile kigoda kwa kisigino, inchi chache tu, kikakwaruza mbao. Binti akapita katikati yetu na kikapu chake, akapanda, akaketi. Hawakutazamana. Pazia likachelewa kufungwa, kwa sababu aliyeshika kamba alikuwa anafuta macho.

Nje, makofi yakiwa yameisha, mwenyekiti alimwita binti mbele ya lango. Tuliwazunguka wote. Mama jirani alisimama upande wa pili wangu, mbali kadiri uwanja ulivyoruhusu.

"Nani kaandika haya?"

"Mimi, mwenyekiti."

"Na mwisho ule ndivyo ulivyoandika?"

Binti akanitafuta kwa macho mpaka akanipata. Angeweza kusema ndiyo. Ningekuwa mimi ningesema ndiyo.

"Hapana. Niliandika niondoke. Mjomba yule ameniharibia."

Mwenyekiti akageuza ufunguo mkononi mara kadhaa. Mnunuzi akasogea hatua moja.

"Amekuharibia kweli," mwenyekiti akasema. "Lakini na mimi sijajua kama mzee ataitikia. Jumapili ijayo mcheze tena. Ukitaka uondoke, ondoka, tuone kama watu wangu wataweza kukaa." Akamwekea ufunguo kiganjani. "Funga wewe, mimi nina njaa."

"Mwenyekiti, na magunia yangu?"

"Yana miguu? Yatasubiri."

Haukuwa uamuzi, na kila mtu alijua. Ilikuwa wiki moja. Wiki ile ikazaa nyingine, na mnunuzi akachoka kuja na akapata ghala lingine kule barabarani, lakini siku ile hatukujua hayo. Binti alipita mbele yangu kwenda kufunga lango, akasimama, akasema bila hasira, "Mwisho wangu ulikuwa wa kweli zaidi, mjomba." Nilimwambia ndiyo. Nafikiri hivyo hata sasa.

Tulirudi Themi na jua halijazama, tumeshiba loshoro, yale makande ya maziwa ya mgando, ya bibi wa kitenge, ambaye alisema hawezi kuniacha niende na mwili ule. Mama jirani safari hii alikaa nyuma na mimi. Samahani elfu moja nilizijaribu kichwani, za kila namna, na kila nikifungua mdomo tuta linanifunga. Tulipofika mbele ya milango yetu nikasukuma wangu, nikaingia. Yeye hakwenda kwake. Alisimama kizingitini, akatazama juu ya bega langu, moja kwa moja mpaka kwenye rafu, kwenye ile redio ya mkanda wa ngozi isiyokuwa na spika, akasema:

"Tangu masika nabisha hodi hapa kufuata redio yangu unajificha nyuma ya kabati, leo hodi ya uongo ndiyo umeitikia."